Jenerali Dodds aliyeiangusha Dahomey, kweli alikuwa mtu wa Senegal?

Mpita_Njia77 (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu. Juzi usiku kwenye grupu letu la wasapu la watu tuliosoma pamoja kulitokea ubishi mkali sana mpaka wawili wakajitoa. Jamaa mmoja alirusha picha ya mzee wa kijeshi, sharubu nyeupe, medali zimejaa kifuani, akasema huyu ndo jenerali wa Kifaransa aliyeupiga ufalme wa Dahomey, ile Benin ya leo, akamng'oa mfalme Béhanzin, halafu akamalizia kwa kusema eti huyu ni Mwafrika mwenzetu kazaliwa Senegal kakulia Senegal. Watu wakawaka. Wengine wanasema ni uzushi, Mfaransa wa karne ile hawezi kumpa mtu wa Senegal ujenerali, wengine wanasema kama ni kweli basi ni msaliti namba moja wa bara hili.

Mimi nimebaki njia panda. Shule tulisoma kugawanywa kwa Afrika, tukakariri majina ya wafalme waliopinga, ila huyu Dodds sikuwahi kumsikia hata siku moja. Naomba wanaojua historia wanisaidie: alikuwa nani, alifikaje huko juu, na ile vita ilikwendaje? Na kuhusu zile mali za kifalme zilizorudishwa Benin miaka ya karibuni, zinahusiana naye au ni stori nyingine?

Nasubiri wajuvi.

Kalamu_ya_Zamani

Mkuu jamaa yako yuko sahihi. Anaitwa Alfred-Amédée Dodds, kazaliwa tarehe 6 Februari 1842 mji wa Saint-Louis, Senegal, na wazazi wake wote wawili walikuwa machotara wa mji huohuo. Hilo jina la Dodds linawachanganya watu kwa sababu si la Kifaransa, limetoka kwa Mwingereza aliyeingia kwenye ukoo upande wa baba, na ukikumbuka Waingereza waliwahi kuushika mji ule zaidi ya mara moja, ya mwisho wakati wa vita vya Napoleon, utaona haishangazi.

Sasa ili umwelewe huyu mtu usianze na Dahomey, anza na Saint-Louis. Ule ni mji uliokaa kwenye kisiwa chembamba karibu na mdomo wa mto Senegal, Wafaransa wako pale tangu karne ya 17. Kulikuwa na wanawake wanaitwa signares, weusi na machotara, wafanyabiashara wakubwa, wana majumba ya ghorofa, wana mashua zinazopanda mto kufuata gundi ya mgunga (gum arabic) na dhahabu, na wengine wana watumwa wao wenyewe. Wazungu wa kampuni walikuwa wanawaoa kwa ndoa ya kienyeji, Mzungu akirudi kwao au akifa kwa homa mali inabaki kwa bibi na watoto. Kutoka kwa hao watoto zikatokea familia za machotara zilizoushika mji, biashara yao, umeya wao, kanisa lao. Mwaka 1848 Dodds akiwa na miaka 6 tu, wakazi wa pale walipiga kura wakapeleka mbunge Paris, na huyo mbunge alikuwa chotara wa palepale, Barthélemy Durand Valantin. Yaani mtoto anakua anaona watu wa rangi yake wanakaa bungeni Ufaransa, huyo huwezi kumwambia kwamba Ufaransa ni ya wengine.

Halafu akiwa na miaka 12 anakuja gavana Faidherbe, 1854, yule aliyeanza kuitanua koloni kwa nguvu kupanda mto, na mwaka 1857 ndo kikaanzishwa kikosi cha askari weusi kilichokuja kujulikana kama tirailleurs sénégalais. Kijana wa miaka 15 anaona magwaride, anaona maofisa, anaona wapi cheo kinapatikana. Mwaka 1862 akaingia Saint-Cyr, chuo kikuu cha maofisa wa Ufaransa, akatoka 1864 akapangwa kwenye jeshi la miguu la majini, hawa ndo waliokuwa wanapelekwa makoloni.

Mwaka 1870 Ufaransa ikapigana na Prussia na Dodds alikuwepo Bazeilles, kile kijiji karibu na Sedan ambako wanajeshi wa majini walipigana nyumba kwa nyumba mpaka risasi zikaisha. Akatekwa, akatoroka, akarudi vitani. Nalitaja hili kwa makusudi maana kwa ofisa wa kizazi chake Bazeilles ilikuwa kama kitambulisho, ukiwa ulikuwepo pale hakuna wa kukuuliza uzalendo wako. Baada ya hapo maisha yake yakawa ni Senegal, Indochina, Senegal tena, kampeni moja baada ya nyingine, kule kusini Casamance, kule kaskazini Fouta kwenye bonde la mto. Mwaka 1892 walipotafuta mtu wa kuongoza vita dhidi ya Dahomey alikuwa kanali wa miaka 50 aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi ya Senegal. Amekaa Afrika kuliko kanali yeyote waliyekuwa naye, na watu wake wengi wameshazoea homa.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: ndiyo, mtu wa Senegal kabisa. Rangi yake kwenye picha haikupi jibu, ila magazeti ya Paris ya wakati ule yalijua na yaliandika.

Simba_wa_Nyika

Asante kwa maelezo mkuu Kalamu lakini mimi naona tunazunguka. Mtu kazaliwa Afrika, kanyonya Afrika, kachukua bunduki ya mkoloni kaenda kuchoma ikulu ya Mwafrika. Huyo ni nani kama si msaliti? Hayo ya signares na wabunge ni mazuri kuyajua ila hayamfuti damu mikononi. Pale Abomey, mji mkuu wa Dahomey, walitawala wafalme 12 karibu miaka 300, kuta zao zimechorwa historia yao yote kwa udongo, simba, papa, ndege, meli, kila mfalme na alama yake, na mpaka leo majumba yale yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Watu waliojenga kitu kama kile ndo aliowapelekea mizinga. Mi linaniuma kweli hili, na linaniuma zaidi kwamba watoto wetu wanajua majina ya majenerali wa Ulaya halafu Béhanzin hawamjui.

Kalamu_ya_Zamani

Simba nakuelewa na sitaki kumtetea kwa alichofanya Abomey, nitafika huko. Ila kwanza nirekebishe jambo moja la ikulu. Aliyewasha moto ule ni Béhanzin mwenyewe. Wafaransa walipokaribia mji mwezi Novemba 1892 akaamuru majumba yachomwe, Dodds alipoingia tarehe 17 alikuta moshi na kuta zimeungua. Mfalme aliona bora nyumba za baba zake ziwe majivu kuliko maofisa kulala ndani yake. Ukiweka moto ule kwa jina la Dodds unampokonya Béhanzin kitendo kikubwa kuliko vyote alivyofanya.

Kuhusu usaliti, neno hili linataka mtu awe upande fulani kwanza halafu auhame. Dodds alipoitazama Dahomey hakuiona kwao. Kutoka Saint-Louis mpaka Abomey ni safari ya meli ya siku nyingi, lugha nyingine, dini nyingine, hana ndugu hana shamba. Hii ya "sisi Waafrika" tunayoitumia mimi na wewe imekuja baadaye, na sehemu ya iliyoileta ni vita hivihivi. Kwake yeye kwao ni Saint-Louis na Saint-Louis ni Ufaransa. Hata askari wake ndo vilevile, wengi walikuwa weusi, kuna wa Senegal, kuna Wahausa, na wapagazi kwa maelfu walitoka Porto-Novo kwa mfalme Toffa, ambaye alikuwa na ugomvi wake na Abomey na ndiye aliyejiweka chini ya ulinzi wa Ufaransa.

Mpita_Njia77

Dah, hapo kwenye moto sikujua kabisa. Mkuu tuendelee basi, vita yenyewe ilikwendaje? Maana grupuni waliandika kwamba Dahomey walikuwa na jeshi kubwa la wanawake na bado wakapigwa ndani ya miezi michache.

Kalamu_ya_Zamani

Haikuwa nyepesi kama watu wanavyodhani. Walishapigana duru ya kwanza 1890, mara tu Béhanzin alipokalia kiti baada ya baba yake Glélé kufa, wakamaliza kwa mkataba wa tarehe 3 Oktoba mwaka huo, Ufaransa inabaki na Cotonou na inamlipa mfalme faranga 20,000 kwa mwaka. Soma tena hapo, inamlipa. Anayelipwa hajashindwa. Pande zote mbili zilijua mkataba ule ni wa kupumzikia tu, Béhanzin akatumia muda ule kununua bunduki za kisasa na mizinga ya Krupp kupitia wafanyabiashara wa Kijerumani pale Ouidah, mji wa pwani wa Dahomey.

Machi 1892 askari wa Dahomey wakaifyatulia risasi boti ya Kifaransa inaitwa Topaze kwenye mto Ouémé, ndani yake yuko Victor Ballot mkuu wa serikali yao ya pale. Paris wakapata sababu waliyokuwa wanaitafuta. Mwisho wa Mei Dodds akashuka Cotonou.

Na hapa ndo utaona kwamba alikuwa fundi wa kazi yake. Njia ya kawaida ya kwenda Abomey ni kutoka Ouidah moja kwa moja kupanda kaskazini, na huko ndiko Béhanzin alikomsubiri. Dodds akapita pembeni, akaufuata mto Ouémé kutokea Porto-Novo, boti zenye mizinga zinapanda naye sambamba zimebeba chakula na risasi, akaacha mto mapema Oktoba karibu na Poguessa ndo akakunja kushoto kuelekea Abomey. Walikuwa wanatembea kwa mraba, askari pande zote nne, mizinga na wapagazi katikati, jioni wanapiga kambi, wanakata vichaka kuzunguka ili wapate pa kulenga, asubuhi tena.

Tarehe 19 Septemba alfajiri pale Dogba giza halijaisha maelfu ya askari wa Dahomey walijisogeza msituni mpaka karibu kabisa na kambi bila kusikika, walinzi wa nje walikurupuka wakati wenzao wamelala na nguo za ndani, wakapigana hivyohivyo saa kadhaa. Meja Faurax wa Legion, kile kikosi cha wageni, alipigwa risasi pale akafa. Baada ya Dogba Wafaransa hawakulala usingizi mzuri tena.

Sasa tatizo la Dahomey lilikuwa nini? Ushujaa walikuwa nao, Wafaransa wenyewe waliandika hivyo. Wale wanawake, Wafon, yaani wenyeji wa Dahomey, wanawaita Agojie au Mino yaani mama zetu, walikuwa wanakuja mpaka kwenye singe. Ila bunduki ya Lebel ya Wafaransa baruti yake haitoi moshi, unapigwa hujui anayekupiga yuko wapi, na singe yake ni ndefu kama mkono wa mtoto. Mwenye panga ili akufikie lazima apite kwenye ile ncha kwanza. Na askari wengi wa Dahomey walizoea kupiga bunduki kutoka kiunoni kama zile za zamani za gobore, kwa hiyo hata wakiwa na Winchester risasi nyingi zilikuwa zinapita juu ya vichwa. Kununua bunduki ni wiki moja, kubadilisha mkono wa jeshi zima ni miaka, na miaka hawakupewa.

Hata hivyo katikati ya Oktoba pale Akpa Dodds alikwama. Maji hakuna, watu wanaharisha damu, majeruhi wengi, ikabidi arudi nyuma kidogo akasubiri watu wapya kabla ya kuendelea. Magonjwa yaliua Wazungu wengi kuliko risasi. Mwanzo wa Novemba wakapigana Cana, mji mtakatifu wa wafalme, na siku zilezile Paris wakampandisha cheo akawa jenerali akiwa bado porini. Tarehe 17 Abomey.

Mtoto_wa_Pangani

Naomba niingilie hapa kwenye hao wafanyabiashara wa Kijerumani, maana kuna kitu kinagusa kwetu moja kwa moja na watu wengi hawakijui.

Bunduki zile Béhanzin alilipa kwa nini? Sehemu alilipa kwa watu. Mateka wa vita. Kwenye makaratasi hawakuandikwa watumwa, waliandikwa vibarua. Mwaka 1891 kuna ofisa wa Kijerumani alikwenda Dahomey akanunua zaidi ya watu 300, wanaume na wanawake, akawapeleka Kameruni kuwa askari na wafanyakazi wa serikali. Ofisa mwenyewe jina lake Karl von Gravenreuth. Wazee wa Pangani na Bagamoyo jina hilo lilipaswa kuwatoa machozi, huyohuyo ndo aliyekuwa chini ya Wissmann, kamanda wa Wajerumani, mwaka 1889 akipigana na Abushiri bin Salim kwenye pwani yetu. Na kumbuka vita ile ya kwetu Wajerumani walitangaza Ulaya kwamba wanakuja kukomesha biashara ya utumwa! Miaka miwili haijaisha yuko sokoni Dahomey.

Wale watu waliambiwa watafanya kazi bila mshahara kufidia pesa waliyonunuliwa. Gravenreuth mwenyewe alikufa vitani Buea mwisho wa mwaka uleule. Desemba 1893 pale Douala kaimu gavana, Leist, akaamuru wake zao wavuliwe nguo wachapwe viboko mbele yao wakisema ni wavivu. Usiku ule wanaume wakachukua bunduki wakaasi, wakaishika ikulu ya gavana karibu wiki nzima mpaka manowari ilipofika, na wanawake walipigana pamoja nao. Waliokamatwa walinyongwa.

Kwa hiyo kaka Simba, na mimi Béhanzin namheshimu, alipigana mpaka mwisho. Ila muulize mtu wa Ketu, mji wa Wayoruba ulioharibiwa na Dahomey mwaka 1886 na watu wake wakabebwa mateka, atakwambia nini siku aliyosikia Abomey imeanguka? Mimi natoka kwenye ukoo ambao bibi mzaa bibi aliletwa pwani amefungwa kamba. Nikisoma habari za wafalme wakubwa siku hizi nawatafuta kwanza wale waliouzwa.

Simba_wa_Nyika

Mtoto wa Pangani umenigusa, hilo la Gravenreuth sikulijua na nimekaa kimya dakika kumi kabla ya kuandika. Sifuti nilichosema lakini naongeza: Ufaransa haikwenda kumkomboa mtu wa Ketu. Ilikwenda kuchukua nchi na mafuta ya mawese. Na Dodds baada ya kushinda alikusanya vitu. Hapo naomba mtu anijibu, maana hapo ndo hakuna cha kusingizia vita.

Bi_Zuhura_Paris

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi niko huku Ufaransa mwaka wa kumi na kitu sasa, na swali hili la vitu naweza kulijibu kwa macho yangu.

Kwanza jibu kwa mleta mada: ndiyo, ni yeye. Askari walipoingia Abomey walivikuta vingine kwenye majumba na vingine vimefukiwa ardhini, watu wa ikulu walivificha kabla ya kukimbia. Dodds alivichukua, na mwaka 1893 na tena 1895 akavitoa zawadi kwa makumbusho ya Trocadéro hapa Paris. Zawadi! Kwa zaidi ya miaka mia karatasi ya pembeni ilikuwa na jina lake kama mtoaji, mgeni anasoma anaona huyu bwana alikuwa mkarimu.

Baadaye vikahamia makumbusho ya Quai Branly. Benin iliviomba rasmi mwaka 2016 ikakataliwa, kwa sababu sheria ya Ufaransa inasema mali ya makumbusho ya taifa haitoki. Mwaka uliofuata rais Macron akaahidi akiwa Ouagadougou, Burkina Faso, kwamba mambo yatabadilika, na tarehe 24 Desemba 2020 ikapita sheria maalumu ya vitu 26 vya Abomey pamoja na upanga unaohusishwa na El Hadj Omar uliokwenda Senegal. Mwisho wa Oktoba 2021 wakaviweka vyote 26 mahali pamoja kwa siku chache kuviaga. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda.

Jamani. Kuna sanamu tatu kubwa za mbao, karibu urefu wa mtu. Mfalme Ghézo, babu yake Béhanzin, ni nusu mtu nusu ndege, Glélé nusu mtu nusu simba mikono imeinuliwa ngumi zimekunjwa, na Béhanzin ni papa. Nilisimama kwenye huyo papa mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Kichwa cha samaki, mwili umechongwa magamba mstari kwa mstari, halafu chini inatoka miguu ya mtu, na mikono ya mtu. Alama hiyo Béhanzin aliichagua mwenyewe kwa maana ya papa anayechafua bahari pale mawimbi yanapovunjikia, kwa sababu adui zake walikuwa wanatokea baharini. Mimi nimezaliwa Tanga, papa namjua kwenye sufuria, sikuwahi kufikiria kwamba kuna mfalme alijiita hivyo ili kumtisha Mzungu asishuke kwenye boti.

Kulikuwa na milango minne ya ikulu pia, mbao imechongwa wanyama na wapiganaji imepakwa rangi, na ukiinama unaona mbao zimechakaa. Mlango, yaani mtu kang'oa mlango wa nyumba ya watu akaupakia melini. Mchongaji anajulikana, anaitwa Sossa Dede, jina lake limesalia, na nilifurahi sana kuliona limeandikwa.

Pembeni yangu kulikuwa na mzee wa Kibenin amevaa kofia yake ya kwao, amekuja na mjukuu, anamsomesha kila kitu kwa Kifon polepole. Alipofika kwenye kiti cha enzi cha Ghézo alivua kofia. Hakusema kitu. Mtoto naye akavua ya kwake ya baridi.

Tarehe 10 Novemba vikatua Cotonou, barabara zimejaa watu wanacheza ngoma. Nilitazama kwenye simu nikiwa kwenye treni.

Ila vitu havijaisha. Ile sanamu ya chuma ya Gou, mungu wa vita na wahunzi, aliyoitengeneza fundi Akati Ekplekendo, haikuwemo kwenye 26. Hiyo Dodds hakuitoa yeye, ilitolewa na kapteni wake Fonssagrives, na mpaka nilipoiona mara ya mwisho ilikuwa Louvre.

Mpita_Njia77

Bi Zuhura marahaba na asante sana, hapo kwa mzee na kofia nimesoma mara mbili. Naomba swali la mwisho kwa yeyote: Béhanzin alikufa vitani au alikamatwa? Na Dodds mwenyewe aliishia wapi?

Kalamu_ya_Zamani

Hakukamatwa. Baada ya Abomey kuanguka alikaa porini zaidi ya mwaka mmoja kaskazini mwa mji, na watu wake hawakumtoa. Dodds alirudi Ufaransa 1893 akapokelewa Marseille kama shujaa, kisha akarudi Dahomey kumalizia. Alichofanya ni kutafuta ndugu wa mfalme, Goutchili, akamkalisha kwenye kiti Januari 1894 kwa jina la Agoli-Agbo. Siku chache baadaye Béhanzin akajitokeza mwenyewe. Alitaka akaongee na mkuu wa Ufaransa ana kwa ana, mfalme kwa mfalme. Wakampakia melini na wake zake na watoto wakampeleka Martinique, upande wa pili wa bahari. Akakaa huko miaka 12 akiomba kurudi kwao kwa barua. Mwaka 1906 walipomhamisha walimpeleka Algeria, kulekule walikomweka malkia Ranavalona wa Madagascar, na alikufa Desemba ya mwaka huohuo. Huyo Agoli-Agbo naye walimwondoa mwaka 1900 wakampeleka Gabon, kazi yake ilishaisha.

Dodds alipanda mpaka jenerali wa divisheni, akaongoza majeshi Indochina, akastaafu, akafa Paris Julai 1922 na miaka 80. Hapa Simba nitakubaliana na wewe kwa moyo wote. Vita alitumwa. Lakini ile milango hakuna aliyemtuma. Mtu aliyekulia kwenye nyumba za Saint-Louis, anayejua nyumba ya ukoo ni nini na kiti cha babu ni nini, huyo alijua vizuri kuliko kapteni yeyote kutoka Paris anabeba nini.

Bi_Zuhura_Paris

Niongeze kuhusu watoto wa Béhanzin maana hawatajwi. Mmoja anaitwa Ouanilo, alikwenda naye uhamishoni akiwa mdogo, akasomeshwa huku akawa wakili Bordeaux. Maisha yake yote ya utu uzima aliomba mwili wa baba yake urudishwe, na mwaka 1928 wakakubali. Akasafiri nao mwenyewe mpaka Abomey ukazikwa. Alipokuwa njiani kurudi Ufaransa akaugua melini, akashushwa Dakar akafia pale, Senegal ya kina Dodds.

Simba_wa_Nyika

Bi Zuhura, na yeye walimrudisha Abomey?

Bi_Zuhura_Paris

Ndiyo mwanangu, lakini baadaye sana, mwaka 2006.